Usiku getini, gunia za viazi na watu wa La Paz

Wiki mbili zilizopita tulilala getini. Sio kwamba tulipenda, Fuso ilikuwa imejaa viazi kutoka kule juu Uporoto, turubai limekazwa, kaka ashalipa ushuru kulekule tulikopakilia na risiti anayo kwenye mfuko wa shati, sasa tumefika geti moja huko mbele (silitaji, tunapita tena Alhamisi) jamaa akaimulika risiti kwa tochi ya simu, akaigeuza, akaimulika tena, akasema hii ni ya halmashauri nyingine. Kaka akamwambia kiongozi, viazi ni vilevile, havijazaliana njiani. Jamaa hakucheka. Akasema msubiri bosi wake aje asubuhi au mlipe upya.

Kaka ni mbishi, akazima gari.

Baridi ya Juni ya huku kwetu mnaijua, ile ya kuvaa jaketi juu ya jaketi na bado masikio yanauma. Tandiboi akajikunja chini ya turubai na viazi, huyo ndo alilala vizuri kuliko wote. Mi nikabaki mbele na kaka, simu ina asilimia 31, na kwa vile nilisoma historia kidogo kabla maisha hayajanileta kwenye viazi, nikaanza kumpigia stori za kiazi chenyewe. Maana watu wengi wanadhani kiazi mviringo ni cha Mzungu kwa sababu ya lile jina la kiazi ulaya. Ulaya walikipata juzijuzi tu. Kwao ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, Peru na Bolivia, maeneo ya karibu na ziwa Titicaca, watu wa kule walikuwa wanakilima maelfu ya miaka kabla Mhispania hajajua hata kama kuna bara upande ule. Na Juni kwao ni baridi kama kwetu, wako kusini mwa ikweta kama sisi, ila yao inagandisha, wanachukua viazi vidogo wanavitandaza nje usiku vinaganda, mchana jua linavikausha, wanavikanyaga kwa miguu maji yatoke, siku chache vinakuwa vikavu vyepesi kama kokoto za mbao na vinakaa miaka bila kuoza. Wanaita chuño. (Niliporudi nikajaribu hapa nyumbani Uyole, nikaweka viazi vitano juu ya paa la jiko. Asubuhi ya kwanza vilikuwa viazi vya baridi tu. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu mbuzi wa jirani alipandia kuni akavimaliza. Uyole haigandishi, ningeenda Kitulo.)

Kaka akauliza, na huko nako kuna mageti?

Hapo ndo tukaingia kwenye stori yenyewe, kwa sababu jibu ni ndiyo, na yaliwaka moto.

Ukitaka kuielewa La Paz fikiria Mbeya mjini, ulivyokaa chini na mlima Loleza umekusimamia juu ya kichwa. Sasa zidisha. La Paz ipo kwenye shimo kabisa, mto Choqueyapu unapita katikati, mji wenyewe uko mita kama 3,600 toka usawa wa bahari, sisi Mbeya tuko 1,700 hivi na bado wageni wa Dar wanahema wakipanda ngazi. Ukipanda kutoka kwenye shimo unatokea kwenye tambarare inayovuka mita 4,000, siku hizi kuna mji mzima pale unaitwa El Alto. Aliyesimama pale juu anaona mpaka nani kaanika nguo uani. Wahispania waliujenga mji mwaka 1548 chini kule kwa sababu kuna maji na upepo mdogo, na ulikuwa njiani kati ya Cusco na Potosí, kwenye machimbo ya fedha. Raha tupu wakati wa amani. Ila mji wa shimoni ukikosana na watu wa juu umekwisha.

Na walikosana kweli, sio mara moja. Kubwa lao ni la mwaka 1781.

Shida zilianza na vitu ambavyo kaka hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Cha kwanza ushuru. Kulikuwa na kodi ya mauzo inaitwa alcabala, ikapandishwa ndani ya miaka michache kutoka asilimia 2 kwenda 4 halafu 1776 ikawa 6, na wakajenga mageti ya forodha mijini ili asipite mtu. Arequipa, mji wa huko Peru, Januari 1780, watu walianza kwa kubandika makaratasi ya matusi ukutani usiku, mashairi kabisa ya kuwasema watoza ushuru, halafu usiku mmoja wakaenda kuivamia nyumba ya ushuru yenyewe. Na La Paz makaratasi yalibandikwa mwaka huohuo. Kaka alifurahi sana hapo, akasema na sisi tuna makaratasi, ila yanabandikwa nyuma ya Fuso.

Cha pili kilikuwa kinaitwa reparto, na hapa nikamwambia kaka fikiria lumbesa ila kinyumenyume. Lumbesa si unaijua, mkulima anauza gunia moja lakini linasukwa kamba juu linaota kichwa, linakuwa gunia na mwanawe, na bei ni ya gunia moja. Sasa reparto ni wewe kulazimishwa kununua. Mkuu wa wilaya wa Kihispania, wao walimuita corregidor, kile cheo alikuwa amekinunua na ana madeni kwa matajiri wa Lima, kwa hiyo akifika kituoni anagawa bidhaa kwa wenyeji kwa nguvu, nyumbu, vitambaa, vyuma, kwa bei anayotaka yeye, mara mbili mara tatu ya soko, uwe unahitaji usiwe unahitaji, na usipolipa unafungwa. (Nyumbu wa kubeba mzigo jamani, mtoto wa punda na farasi, sio wale wa Serengeti, kaka alishaanza kunishangaa.) Kinachouma zaidi ni kwamba hiyo biashara haikuwa ya uchochoroni, ilihalalishwa na serikali yenyewe.

Cha tatu ni mita, sio ile ya kupimia, ni jina la kazi ya lazima ya machimboni. Babu yetu alienda Wenela, wazee wa Rungwe na Mbeya wanaijua hiyo, walichukuliwa kwenda machimbo ya Afrika Kusini wakarudi na baiskeli na kikohozi. Ila babu aliweka dole gumba mwenyewe kwenye mkataba, njaa na kodi vilimsukuma lakini aliweka. Mita ulikuwa huulizwi. Toka miaka ya 1570, vijiji vya milimani vilitakiwa kutoa mwanaume mmoja kati ya saba kila mwaka kwenda kuchimba fedha Potosí, kwa mahesabu ya mwanzoni walikuwa zaidi ya watu 13,000 kwa mwaka. Walikuwa wanaondoka na mke, watoto, llama (mnyama wao wa kubeba mzigo) na chuño yao, maana chakula unajitegemea. Wengine hawakurudi.

Sasa kitu kilichonishika mimi ni hiki, na ndo nilichokuwa namwambia kaka kwa nguvu mpaka vioo vikaweka ukungu. Walioanzisha hawakuwa watu wa vijijini ambao hawajawahi kutoka. Walikuwa wachukuzi na wachuuzi. José Gabriel Condorcanqui, yule aliyejiita Túpac Amaru kwa jina la babu yake mfalme wa mwisho wa Inka, alikuwa chifu ndiyo, lakini kazi yake ilikuwa nyumbu, alikuwa nao kama 350, anapiga mzigo kutoka upande wa Cusco mpaka Potosí. Leo ungesema ana Fuso kumi na mbili. Julián Apaza wa Sicasica, huyu ndo wa La Paz, alikuwa mchuuzi wa majani ya koka na vitambaa vya sufu, anazunguka na mzigo soko hadi soko. Mkewe Bartolina Sisa naye hivyohivyo, koka na nguo za kusuka. Hawa ni watu waliopita kwenye kila geti la nchi ile. Wanajua kijiji hiki wanalia nini na kijiji cha mbali kwa siku kumi wanalia nini, na wanagundua ni kilio kilekile. Mkulima aliyekaa shambani anajua bei ya shambani, tajiri wa mjini anajua ya mjini, ila anayejua bei ya pande zote mbili ndo mtu wa kuogopwa.

Kaka akasema "dogo, unanisifia mimi hapa au?"

Na usidhani waliamka tu wakashika mapanga. Walianza na makaratasi, kama kaka na risiti yake. Condorcanqui mwaka 1777 alienda Lima kuomba watu wake wasamehewe mita, akazungushwa ofisi hadi ofisi akarudi mikono mitupu. Tomás Katari, mwingine huyo, wa Macha upande wa Potosí, alitembea na malalamiko yake mpaka Buenos Aires kwa gavana mkuu, wewe angalia ramani uone ni wapi na wapi, akapewa barua nzuri tu, aliporudi nayo mkuu wa kule kwao akamweka ndani. Januari 1781 akauawa akiwa mikononi mwa walinzi.

Mwezi Novemba 1780 Condorcanqui alishamkamata corregidor wake, Antonio de Arriaga, akamnyonga mbele ya watu. Desemba serikali ya Lima ikatangaza eti reparto imefutwa. Desemba! Moto ushapita paa ndo unatafuta ndoo.

Julián Apaza aliposikia yote hayo akachukua jina la huyu na jina la yule akaunganisha, Túpac Katari. Kispania hajui, kuandika hajui, ana makarani wa kumwandikia barua. Na Machi 1781 akaja na Waaymara wenzake, makumi ya maelfu, wakakaa juu ya ule ukingo wa La Paz, wakafunga barabara zote.

Hapo ndo kwenye uzito. Hakuna mzigo unaoshuka. Mji hauna mashamba ya kutosha ndani, kila kitu kilikuwa kinaletwa na walewale watu ambao sasa wamekaa juu wanakutazama. Kamanda wa mji, Sebastián de Segurola, alikuwa ashachimba mitaro na kujenga ukuta kuzunguka katikati ya mji, na alikuwa anaandika kila siku kwenye shajara, ndo maana tunajua. Walianza kula nyumbu, halafu punda, halafu mbwa na paka, halafu ngozi, zile ngozi za masanduku na viatu unaloweka unachemsha. Siku 109 awamu ya kwanza. Jeshi la Kihispania la Ignacio Flores likaja mwishoni mwa Juni likawafungulia kidogo, askari wake wenyewe wakaanza kutoroka, akaondoka, na Agosti waasi wakarudi wakafunga tena mpaka Oktoba. Jumla wanahesabu kama miezi sita. Waliokufa mjini inasemwa maelfu, wengi wanataja 10,000 kwa njaa na magonjwa na risasi.

Nilimsomea kaka hii ya ngozi nikitegemea atapiga kofi la furaha kwamba watoza ushuru wamekoma. Hakupiga. Akanyamaza, akauliza, na waliokuwa ndani wote walikuwa watoza ushuru? Nikamwambia hapana, kulikuwa na machotara, wenyeji waliokuwa wanafanya kazi majumbani, wanawake wa sokoni, watoto. Akasema ndo hivo, gari likifungiwa, tandiboi ndo anaanza kulala njaa. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo nikisoma watu mtandaoni wanavyomfanya Katari malaika naona wanaruka hiyo kurasa. Na upande wa pili pia, Segurola akitoka kwenda vijijini alikuwa anaua na kuchoma, hakuna aliyekuwa na mikono misafi pale.

Kitu kimoja cha kijeshi kilichonifurahisha ni maji. Kule Sorata, mji mwingine wa bondeni, waasi chini ya Andrés Túpac Amaru, wa ukoo wa yule Condorcanqui, na dada yake Katari, Gregoria Apaza, walizuia mito juu wakajaza bwawa halafu wakaliachia, mji ukasombwa. La Paz wakajaribu hivyohivyo, bwawa likapasuka Oktoba 12, likabomoa madaraja na nyumba, lakini mji haukuanguka. Siku tano baadaye, tarehe 17, likaingia jeshi la Kihispania la Reseguín na ndo ukawa mwisho wa kuzingirwa. Sisi maji yetu mwaka 1905 yalikuwa ya kunyunyizwa ili risasi igeuke maji, yao yalikuwa ya kubomoa. Nikamwambia kaka, naye akasema ya kwao yana fizikia.

Kilichowamaliza ni kama kawaida, mtu wa ndani. Bartolina alikuwa ameshauzwa mwezi Julai, watu wake mwenyewe walimkabidhi kwa Wahispania, na huyu hakuwa mke wa kukaa jikoni kambini, alikuwa anaongoza kikosi chake na alisimamia kuzingirwa kwa mji wakati mumewe hayupo. Mumewe akajitahidi kumkomboa akashindwa. Novemba na yeye akasalitiwa, rafiki yake wa karibu kabisa alimkaribisha, usiku akamkabidhi. Walimfunga kwenye farasi wanne pale Peñas, wakamchana. Kichwa kikapelekwa La Paz kikawekwa kwenye kilima cha K'ili K'ili ili wale waliokuwa wanaangaliwa kutoka juu waangalie na wao, mikono na miguu ikasambazwa kwenye miji aliyopita na mzigo wake. Bartolina na Gregoria walikaa ndani karibu mwaka mzima, wakanyongwa siku moja, Septemba 5, 1782. Ile siku ya wanawake wa asili duniani inayoadhimishwa Septemba 5 ni ya Bartolina.

Kaka akasema "Mkwawa." Neno hilo tu. Mke wake ni Mhehe wa Kalenga, kila Pasaka wanaenda huko na ameshalipia watoto kiingilio cha makumbusho kuangalia fuvu mara sijui ngapi. Mkwawa alijipiga risasi mwenyewe 1898 wasimpate hai, wakachukua kichwa hivyohivyo, likarudishwa fuvu 1954. Na ukisogea Songea, Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga machifu wa Wangoni kwa mkupuo na kati yao alikuwemo mwanamke, Nkomanile. Nilitaka kuendelea kaka akaniambia inatosha, usiku mrefu na hapa tupo kwenye baridi, tuongelee wanaoishi.

Basi nikamwambia wanaoishi ndo wenye utamu. Wanasema Katari kabla hajafa aliahidi atarudi akiwa mamilioni. Kama aliyasema yeye au walimwekea wajukuu, hayo maneno ukienda El Alto utayakuta ukutani. Bolivia ilirusha satelaiti yao ya kwanza mwaka 2013, ikaitwa Túpac Katari. Na mwaka 2003, mambo ya gesi, watu wa El Alto walifunga barabara, mafuta na chakula vikashindwa kushuka La Paz, serikali ikaleta jeshi watu wakafa wengi, mwisho rais akajiuzulu akakimbilia Marekani. Siku aliyojiuzulu ilikuwa Oktoba 17. Nikamrudishia kaka simu aangalie mwenyewe, Oktoba 17 kuzingirwa kwa 1781 kunaisha, Oktoba 17 rais anatoka. Miaka 222 katikati.

Na uwanja mkuu wa La Paz haujapewa jina la Katari. Unaitwa Murillo, Pedro Domingo Murillo aliyeongoza mapinduzi ya Julai 16, 1809 na akanyongwa Januari iliyofuata, shujaa kweli sikatai, ila wakati wa Katari kijana huyohuyo alikuwa kwenye jeshi la upande wa Wahispania. Machotara na Wahispania wazaliwa wa kule walikuja kuukataa utawala miaka 28 baadaye kwa lugha nzuri yenye matamko, na sanamu ni zao. Mchuuzi wa koka alisubiri sana.

Simu ikazima hapo hapo kwenye sanamu.

Saa kumi na moja alfajiri zamu ikabadilika. Akaja dada mmoja kajifunga kitenge kichwani na koti la jeshi, kaka akashuka, shikamoo hakuna, akampa ile risiti ileile. Dada akaisoma mpaka chini, akauliza mbona mmelala hapa wakati mmelipa, akavuta kamba, mti ukapanda. Bosi aliyekuwa anakuja asubuhi hatujamuona mpaka leo.

Tulienda kama kilomita tatu kaka haongei, jua linaanza kuchungulia na tandiboi anagonga bodi anataka chai. Ndo akauliza, yule mkewe, yule Bartolina, umesema na yeye alikuwa anauza nini?

Nikamwambia koka na nguo za sufu.

"Kumbe na yeye alikuwa anajua bei," akasema, halafu akasimamisha gari pembeni tukaangalie tairi la nyuma, lilikuwa linapoteza upepo toka Igawa.